Krokasi zangu zimechomoza lakini hazifunguki, nimekosea wapi?

MtuWaPangani

Habari za humu, wakubwa na wadogo. Naishi Leicester, Uingereza, huu ni mwaka wa 4. Mambo ya bustani siyajui. Nyumbani kilichokuwa kikinipeleka shamba ni madafu tu.

Mwezi wa 12 nilikuta dukani pakiti ya matunguu 50 ya maua ya krokasi imeshushwa bei, pauni moja na nusu. Kwenye picha maua ya zambarau, ya manjano na meupe yametoboa theluji. Nikasema hii ndiyo yangu, maana Januari ya huku inanimaliza: saa kumi na moja jioni kiza totoro. Na nisifiche, nilishasikia krokasi ni jamaa wa zafarani, nikajipigia hesabu ya pilau la Idi.

Nikayapanda mbele ya nyumba, chini ya dirisha la sebule, nikayafukia juu juu kama mtu anayepanda mchicha. Asubuhi yake naona mashimo. Kindi! Wale wa kijivu. Mmoja yuko juu ya uzio ananitazama huku anatafuna pauni moja na nusu yangu.

Yaliyonusurika yameota 17. Manane ni majani matupu, membamba kama nyasi, na mstari mweupe katikati. Tisa yametoa maua, lakini wiki ya pili sasa yamefumba kama mwavuli uliokunjwa. Nimemwagilia, nimeacha kumwagilia, ni yale yale. Upande huo jua haliingii mpaka Aprili, sijui kama ndiyo sababu au ni ugonjwa. Na je, zile nyuzi za ndani zinafaa kwenye chungu?

Bi_Kizingo

Mwanangu wa Pangani, pole, ila hapo kwa kindi nimecheka mpaka kahawa ikanipalia.

Maua yako hayaumwi. Yanangoja jua. Krokasi hufunguka kwa joto na kufumba kwa baridi: pakipata joto, upande wa ndani wa petali hukua haraka kuliko wa nje, ua likatanuka, pakipoa, mambo hugeuka. Ndivyo linavyokinga chavua yake isilowe na mvua. Sasa wewe umelipanda kivulini, Februari, Leicester. Litafunguka kwa lipi? Fanya jambo moja: kata ua, litie kwenye kikombe cha kahawa chenye maji kidogo, liweke karibu na jiko. Halafu usiende mbali.

Hayo majani matupu ni hadithi nyingine. Matunguu ya Desemba yaliyoshushwa bei yamekaa rafuni tangu Septemba, yamekauka na kupungua nguvu. Hupandwa Septemba na Oktoba, mwisho Novemba, kina cha sentimita 8 hadi 10, yaani kidole cha kati kizima kizame. Udongo wako ukiwa wa mfinyanzi, changanya changarawe, maana yakilala kwenye maji yanaoza. Hayo uliyonayo yachomekee vijiti uyajue yalipo. Majani yakigeuka manjano, Mei au Juni, yachimbue, yaweke pakavu, Septemba yahamishie panapopata jua la saa tano mpaka saa nane. Tena chagua mahali unapopaona ukiwa ndani. Huku nani anatoka nje Februari kwenda kutazama ua? Mimi ya kwangu nayaona nikiosha vyombo.

Mimi niko Norwich tangu 1998. Mwaka 2003 nilipanda matunguu 100 kwenye ukoka chini ya mti wa tufaha, aina moja tu, Crocus tommasinianus. Jina refu, ndiyo maana Waingereza wanamwita Tommy. Kwao ni nchi za Balkani, na jina ni la Muzio Tommasini, mtaalamu wa mimea wa Trieste. Ni mwembamba, zambarau mpauko, kwa nje una rangi ya fedha. Ukimwona amefumba utasema si kitu. Jua likimpiga, ukoka wote unabadilika, kama mtu amemwaga khanga mpya chini. Leo siwezi kuyahesabu. Huzaana kwa mbegu: kifuko cha mbegu kinaanza chini ya ardhi, kinapanda juu baadaye maua yakishasahaulika, kisha sisimizi wanazibeba. Sasa yameshaingia kwa jirani, naye hajalalamika.

Na kindi, huyo Tommy humwacha zaidi kuliko aina nyingine. Sisemi hamgusi kabisa. Kwa zile nyingine, tandaza waya wa banda la kuku juu ya matunguu kisha fukia. Majani yanapita tunduni, makucha hayapiti. Na fagia yale maganda makavu ya matunguu usiyaache juu ya udongo, ni kama kumwandikia barua.

Jambo lililonipa hasara si kindi, ni mume wangu. 2006, mwezi wa nne, alitoa mashine akakata ukoka wote, majani ya krokasi mabichi yakaenda nayo. Mwaka uliofuata niliona maua ya kuhesabika kwa vidole. Tunguu la mwaka huu linakwisha, jipya hujengwa juu yake, na linajengwa na hayo majani. Ukiyakata umelinyima chakula. Tangu siku hiyo mashine haitoki bandani mpaka Juni, na mzee ameshazoea.

Kuhusu pilau: hapana! Zafarani ni Crocus sativus, nayo huchanua vuli, mwezi wa 10, ina nyuzi tatu nyekundu ndefu. Hao wa baridi nyuzi zao hazina harufu ile wala ladha. Na jihadhari zaidi na ua la vuli ambalo Waingereza nao huliita krokasi, ilhali ni Colchicum, sumu inayoua. Hesabu stameni, vile vijiti vyenye unga wa manjano: krokasi ina 3, Colchicum ina 6. Zafarani kanunue dukani, mwanangu.

Baba_Zuhura_MN

Bi, nakusoma toka Minneapolis kwa wivu. Huku Februari ardhi ni jiwe. Zangu huchungulia mwishoni mwa Machi au Aprili, theluji ikianza kurudi nyuma ukutani upande wa kusini. Sungura ndio kindi wetu: wanakata ua shingoni wanaliacha hapo hapo, hata kula hawali. Nimeishia kufunika kwa kikapu cha waya usiku.

Nesi_Clydeside

Niongeze kidogo. Hapa Glasgow ukiona krokasi za zambarau tupu zimejaa kwenye mzunguko wa barabara, mara nyingi ni kazi ya watu wa Rotary, vile vilabu vya kujitolea, kwa kampeni yao ya kutokomeza polio. Wamechagua zambarau kwa sababu ya wino ule anaopakwa mtoto kidole kidogo akishapata matone. Nilipoelezwa nilicheka peke yangu kituo cha basi. Mimi nilipakwa wino ule Mwanza, nikakaa siku mbili sitaki kunawa.

Lushoto_Baridi

Sisi huku Usambara tuna baridi yetu. Mtu akiniletea matunguu yatakubali?

Bi_Kizingo

@Lushoto_Baridi, baridi yenu ni ya sweta, hii inataka wiki nyingi za friji. Kuna watu huyaweka kwenye friji kweli, mbali na matunda maana gesi ya tufaha inaua ua tumboni. Lakini mpaka umfuate afisa wa karantini na vyeti vya mimea, yote hayo kwa maua ya wiki mbili? Tafuta yale maua ya mvua, Zephyranthes, ya waridi au meupe. Mvua ikinyesha siku chache yamechomoza, umbo karibu hilo hilo, na jirani atakumegea bure.

Nimesahau kumwambia wa Pangani kuhusu nyuki. Siku ya jua Februari wanatoka wale wanene wenye manyoya, malkia waliolala ardhini baridi nzima, wana njaa. Hakuna ua jingine la maana kwangu wakati huo. Anaingia ndani ya krokasi mpaka ua linapinda kwa uzito wake. Mimi hukaa kizingitini mlango wa nyuma na kikombe na kashata, koti nimelifunga mpaka kidevuni, najifanya nafagia.

MtuWaPangani

Shikamoo Bi. Nimerudi na majibu.

Nimekata moja la manjano, nikalitia kwenye kikombe cha kahawa, nikaliweka kando ya jiko, nikabandika chai. Wallahi chai haijachemka ua limeshaanza kutanuka. Nikamwita mke wangu, akadhani nimeungua. Tumesimama jikoni watu wazima wawili tunatazama ua. Lina harufu ya asali! Nimehesabu stameni: 3. Sijatia kitu chunguni, usiwe na wasiwasi.

Nimechomeka vijiti vya mishikaki pale mbele. Uani nyuma kuna kipande kinachopata jua saa sita, mbele ya dirisha la jikoni, tatizo ni mwenye nyumba ameweka mapipa ya taka hapo. Nitayasogeza.

Bi_Kizingo

Marahaba. Hilo la manjano lenye asali ni aina iitwayo chrysanthus, na shomoro humrarua, kwa hiyo mweke karibu na mlango. Na usiku huu likifumba usilitupe. Liache kikombeni mpaka asubuhi utakapowasha jiko.