Kikundi cha Wanaukoo, Mtwara: mtoto ana damu chooni, maziwa ya mama haba

Rehema (wifi): Asalaam aleikum. Mtoto wa Salma ana wiki saba, kilo 4. Maziwa ya mama haba, wiki hii wamemwongezea ya kopo la kawaida. Sasa choo kina utelezi na michirizi ya damu, mashavu yana upele mkavu, akinywa kopo anatapika. Bibi kasema tuhamie ya mbuzi. Shangazi Mwanahawa upo?

Shangazi Mwanahawa: Waaleikum salaam. Nipo. Mbuzi hapana. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, mtoto anayekataa hizi karibu kila mara hukataa na zile. Halafu yana foleti kidogo, vitamini ya kutengeneza damu, mtoto akiishi kwa hayo damu hupungua.

Bibi Somoe: Watoto wangapi wa Mikindani wamekuzwa kwa mbuzi, nyie?

Shangazi Mwanahawa: Wengi, bibi, shikamoo. Ila si hawa wanaotoa damu chooni.

Mjomba Yusufu (famasi): Niongeze kabla hamjaenda dukani. Mtauziwa kopo la "bila laktosi". Laktosi ni sukari ya maziwa, ipo hata kwenye ya mama, na mtoto kuzaliwa haiwezi ni nadra sana. Hutokea zaidi baada ya kuhara sana: utumbo umechubuka, choo cha maji, matako yanababuka, kisha hupita kwa wiki chache. Damu na upele vinaelekeza kwenye protini, na kopo la bila laktosi bado lina protini ya ng'ombe ileile. Hela imekwenda, mtoto yuko palepale.

Rehema: Na ya soya?

Mjomba Yusufu: Chini ya miezi sita hapana, wengine soya nayo wanaikataa. Soya ya kunywa ya dukani, tui la nazi na uji ndiyo kabisa, si chakula cha umri huu. Lipo kopo la protini iliyovunjwavunjwa. Likishindikana, lipo la asidi amino, yaani protini iliyovunjwa kabisa. Ni ghali na harufu yake kali, mtoto anaweza kukunja uso siku za mwanzo. Daktari akiandika, ulizeni duka la dawa mapema kama wanaweza kuagiza Dar.

Baba Karimu: Kwa hiyo Salma aache kunyonyesha?

Shangazi Mwanahawa: La hasha! Maziwa yake ndiyo salama kuliko yote. Kama dalili zilianza na kopo tu, Salma ale kama kawaida. Zikiendelea kopo limekatwa na ananyonya tu, hapo mama ndiye anaacha maziwa ya ng'ombe na mbuzi wiki mbili hadi nne: chai ya maziwa, mtindi, siagi, biskuti. Kwenye pakiti tafuteni "milk", "whey" na "casein". Dagaa wanaoliwa na mifupa yake watamfidia kalisiamu. Halafu mama arudie kula vya maziwa tuone kama dalili zinarudi, asije akajinyima bure.

Rehema: Sasa yataongezekaje? Bibi kampikia uji wa pilipili manga na supu ya pweza.

Shangazi Mwanahawa: Ale, vinampa nguvu. Ila kinacholeta maziwa ni kunyonywa na kukamuliwa. Mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku usirukwe. Mdomo upanuke, achukue na sehemu nyeusi, siyo chuchu peke yake, kidevu kiguse titi. Amalize titi moja kwanza ndipo apewe la pili. Mkiwahamisha haraka haraka choo huwa cha kijani chenye povu, watu wakadhani ni mzio.

Baada ya kunyonya akamue kwa mkono dakika 10 hadi 15. Vidole viwe nyuma ya weusi, asukume kuelekea kifuani, abane, aachie. Asiteleze juu ya ngozi, hapo ndipo wanapochubuka na kusema "hayatoki". Yanayotoka ampe kwa kikombe cha kahawa, mtoto amekaa wima, ukingo uguse mdomo wa chini, ayalambe mwenyewe. Usimmiminie, atapaliwa. Chupa tuiache, inamzoesha mteremko rahisi halafu titi analikasirikia. Kwa joto letu yaliyokamuliwa yasikae nje, ya friji siku nne.

Mjomba Yusufu: Kipimo: mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 4 ni 600 kwa siku nzima, pamoja na anayonyonya. Kwa hiyo nyongeza si 600. Maziwa yakianza kuongezeka, punguzeni nyongeza ya siku nzima kwa mililita 50, pumzikeni siku chache, pimeni uzito, ndipo mpunguze tena. Kupanda kwa wastani wa gramu 20 hadi 30 kwa siku ni kuzuri umri huu, na nepi za mkojo sita au zaidi.

Na uchanganyaji wa kopo mtakaloandikiwa: maji yachemke, yapoe yasizidi nusu saa, yapimwe kwanza, ndipo unga kwa kijiko cha kopo lenyewe kilichosawazishwa. Makopo mengi ni kijiko kwa mililita 30, ila someni lenu. Kuzidisha maji ili kopo lidumu ndiko kunakodhoofisha watoto. Yakipitisha muda wa saa mbili tangu kuchanganywa, mwageni.

Mama Zuhura: Mimi jirani ninanyonyesha, nimsaidie?

Shangazi Mwanahawa: Ahsante mwanangu. Kwanza upimwe VVU, na mama mwenyewe aridhie. Tuongee inbox.

Rehema, leo msisubiri jumatatu. Kopo la kawaida likatwe, mnyonyesheni kila anapotaka, mpelekeni hospitali ya Ligula na kadi ya kliniki. Akipumua kwa kukoroma, midomo ikivimba, utosi ukibonyea au akikaa muda wa saa sita bila mkojo, ni dharura, hata usiku.

Baba Karimu: Bajaji iko mlangoni.

Shangazi Mwanahawa: Chukueni nepi yenye choo kwenye mfuko, msiifue. Na kopo mlilotumia, daktari asome.

Bibi Somoe: Na uji wangu auchukue kwenye chupa ya chai.