Hii "na" ya Wapolandi ina undugu na ya kwetu?

Dereva wa Paje
Wakuu, salaam. Mie natembeza wageni huku Paje, na msimu huu kila nikienda kupokea uwanja wa ndege ni Wapolandi watupu. Lugha yao siijui, lakini sikio langu linanasa "na" kila mara. Wakipiga simu kwao: "na Zanzibarze". Wakiwa pwani: "na plaży". Wakiinua glasi: "na zdrowie". Kwetu mtu akisema na, unangoja cha pili: na nani? na nini? Hawa hawakileti. Ni na gani hii?

Mzee wa Kurasini
Nilisoma Urusi, wanayo hiyo hiyo. Ni "juu ya". "Na stole" ni juu ya meza, kwa Mrusi na kwa Mpolandi. Visiwa navyo vimo humo: "na Malcie", "na Kubie". Ila nchi ya bara, kwa kawaida Mpolandi anasema "w", kama "w Tanzanii", yaani ndani yake. "Na zdrowie" ni kwa afya.

Mpemba Mkaidi
Kumbe hata sarufi ya Poland imetutenga na bara!

Mzee wa Kurasini
Tulia, kijana. Ni bahari tu hiyo, Muungano usiuguse.

Mchuuzi Mtwara
Mie nafuata mzigo Msumbiji. Kireno "na praia" ni ufukweni, maana ile ile ya "na plaży", na undugu hawana hata chembe. Ya Kireno ni "em" na "a" zimebanwa zikawa moja. Jina likiwa la kiume inageuka "no": "no mercado", sokoni.

Binti Dubai
Nakaa chumba kimoja na dada Mnaijeria. Akibisha hodi, nikiuliza nani, anajibu "na me". Pijini yao hiyo, "ni mimi". Wiki ya kwanza nilikuwa nachungulia kaja na nani.

Mzee wa Kurasini
Ndugu wa damu mtafute kusini, kwa Wazulu. "Nami", "nawe", wanasema vile vile kama sisi.

Dereva wa Paje
Ahsanteni sana. Sasa mnifafanulie na "no" yao. Nawauliza tusimame tunywe madafu, wanajibu "no, no" huku wanafungua pochi.

Mzee wa Kurasini
Hiyo ni "ee" ya mtaani. Simamisha gari, mwanangu.