Tupeane uzoefu: kupunguza dawa za kuzuia mwili kukataa ini jipya

Wakuu, swali la "dawa zitapungua lini?" haliishi. Wanaojua waweke hapa utaratibu, vipimo na makosa yanayorudisha watu wodini.

Mfamasia: Hazipunguzwi zote kwa mpigo. Prednisoloni, dawa ya steroidi, hutangulia, mara nyingi ndani ya miezi 3 hadi 6, ila aliyeharibiwa ini na kinga yake mwenyewe huweza kubakizwa kwenye dozi ndogo. Takrolimusi, dawa kuu ya kulinda ini jipya, hupunguzwa mwisho. Miezi ya mwanzo kiwango kinacholengwa huwa kama nanogramu 6 hadi 10 kwa mililita ya damu. Baada ya mwaka, ini likitulia, hushushwa hadi 4 hadi 6 hivi, kwa sababu dawa hii huumiza figo na huweza kuleta kisukari. Inauzwa kwa majina tofauti: Prograf humezwa mara 2 kwa siku, Advagraf mara 1. Usibadilishane hata kama miligramu ni zile zile.

Maabara: Kosa kubwa liko asubuhi ya kipimo. Damu itolewe yakishapita kama masaa 12 tangu dozi ya jioni (kwa Advagraf ya asubuhi, kama masaa 24 tangu dozi ya jana), KABLA ya kumeza ya asubuhi. Ukimeza kwanza, namba inapanda, daktari anapunguza dozi isiyostahili kupunguzwa, na ini linabaki bila ulinzi. Beba kidonge mkononi, umeze ukishatolewa damu.

Mdau: Lakini mgonjwa akijisikia mzima kabisa?

Muuguzi: Hapo ndipo watu wanapoumia, mkuu. Mwili huanza kulikataa ini kimya kimya. Vipimo vya damu vya ini, yaani ALT, AST, GGT na bilirubini, hupanda kwanza. Macho ya njano huja kwa kuchelewa. Ndiyo maana kila dozi ikipunguzwa, vipimo hurudiwa baada ya wiki 1 au 2. Vikipanda, huenda kipande kidogo cha ini kikachukuliwa kwa sindano ili kuthibitisha.

Mfamasia: Nyongeza. Rifampisini ya TB huangusha takrolimusi vibaya sana. Flukonazoli (dawa ya fangasi), klarithromaisini (antibiotiki), balungi na danzi huipandisha. Kuharisha nako huipandisha, kwa hiyo usijiongezee kidonge, nenda ukapimwe.

Mdau: Na kuacha kabisa?

Muuguzi: Wapo walioweza, ila ni wachache, na walichaguliwa miaka kadhaa baada ya upasuaji, wakafuatiliwa kwa karibu. Nyumbani usijaribu. Waliopandikizwa India wampe daktari wa huku karatasi ya kiwango kinacholengwa, jina la kibiashara la dawa na majibu ya mwisho, kabla dozi yoyote haijaguswa.