Mjadala: Mpiga gitaa wa pembeni naye alipwe redio ikipiga rekodi yake, au ujira wa siku ile ulishamaliza kazi?

Mleta mada

Wakuu, nimerudi kwenye santuri za Marekani za kati ya 1927 na 1933, zile ambazo mwimbaji anaimba na gitaa moja linamfuata bega kwa bega. Kuna jambo nataka tulijadili bila kuoneana haya.

Mpaka leo, redio za kawaida za Marekani, AM na FM, zikipiga wimbo zinamlipa mtunzi na mchapishaji wake, basi. Aliyeimba hapati senti, na aliyempigia gitaa ndiyo kabisa. Redio za setilaiti na za intaneti zinalipa, na mgawo uko ndani ya sheria: nusu kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mwenye jina mbele, asilimia 5 kwa wasaidizi wote. Hiyo 5 nayo imekatwa katikati, 2.5 wapiga vyombo na 2.5 waitikiaji. Sasa kuna muswada, uliingia Kongresi mara ya kwanza 2021 na umerudishwa tena baadaye, unaotaka AM na FM nazo zilipe. Mgawo ni huo huo.

Msimamo wangu: zilipe, na hiyo 5 ni dhuluma iliyovalishwa suti.

Mchukueni mpiga gitaa Eddie Lang. Jina la kuzaliwa ni Salvatore Massaro, wa Philadelphia, 1902, baba yake Mwitaliano aliyekuwa fundi wa kutengeneza vyombo vya nyuzi. Kabla ya 1925 studio zilirekodi kwa pembe: mnajibana mbele ya bomba moja na mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Gitaa lilikuwa linamezwa, ndiyo maana banjo ilitawala. Mwaka 1925 kampuni za santuri Victor na Columbia zikaanza kurekodi kwa umeme, kwa kipaza sauti. Mwimbaji akaweza kuimba taratibu kama anaongea na mtu mmoja chumbani, na gitaa likasikika mpaka mkono unavyohama shingoni.

Sifa za uimbaji huo kapewa mwimbaji Bing Crosby. Lakini tegeni sikio chini ya sauti ya Crosby. Lang hatwangi mapigo manne akangoja kipande kiishe. Anabadilisha mkao wa vidole karibu kila pigo, sauti ya chini inatembea wakati za juu zimetulia. Crosby akivuta pumzi, Lang anachomeka kipande kifupi cha uzi mmoja na kutoka kabla neno linalofuata halijaanza. Mwimbaji anajiamini kuchelewesha neno kwa sababu anajua kuna mtu ameshika saa. Wote wawili walipitia orkesta ya Paul Whiteman, na baadaye Lang akawa mpigaji wake kwenye redio, jukwaani, hata kwenye filamu ya 1932, *The Big Broadcast*, ambamo anaonekana na gitaa lake pembeni ya Crosby. Akafariki Machi 26, 1933, baada ya upasuaji wa mafindofindo, akiwa na miaka 30.

Mtu huyo huyo alikaa nyuma ya mwimbaji wa blues Bessie Smith Mei 1929, Clarence Williams akiwa kwenye piano. Mwambieni mtu azisikilize rekodi zile halafu aniambie mchango wa gitaa ni sehemu ya asilimia mbili na nusu.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umeandika vizuri ila unachanganya uzuri wa kazi na haki ya malipo. Lang aliitwa studio, akapiga, akalipwa, akaondoka. Santuri ingedoda dukani nani angebeba hasara? Kampuni. Lang asingerudisha hata nauli. Fundi akikujengea nyumba mkamalizana, harudi kila mwezi kudai sehemu ya kodi kwa wapangaji wako, hata kama ukuta wake ndio unaowavutia.

Halafu umemchagua mtu asiye mnyonge. Lang alikuwa anagombaniwa na studio zote za New York. Aliishi vizuri. Wanunuzi waliingia dukani kuulizia Crosby, na lebo nyingi za waimbaji enzi hizo ziliandika "na orkesta" tu. Hakuna aliyetapeliwa.

Mchangiaji wa tatu

Mimi napiga gitaa Dar, bendi yangu ilishakufa, sasa hivi napiga deiwaka: anayeniita namfuata, hotelini, harusini, studio. Kwa hiyo hili ni tumbo langu.

Niseme ukweli ambao mleta mada hataupenda. Mimi nataka changu usiku huo huo, mkononi. Mirabaha nimeambiwa miaka mingi. Kuna wimbo nimepiga rithimu na solo, unachezwa mpaka kwenye daladala, na sijaona hata shilingi. Nilifuatilia ofisi moja, siitaji, nikajazishwa fomu, nikaambiwa jina langu halimo kwenye orodha ya wimbo. Sasa ukiniambia nipunguze ujira wa leo nisubiri fungu la kesho, nitakucheka.

Lakini ndugu wa pili, mfano wako wa fundi una tundu. Mwimbaji naye ni fundi. Naye alilipwa siku ile. Mbona yeye anarudi kila mwezi na unamwona mwenye haki?

Mleta mada

Deiwaka umenijibia nusu ya kazi, asante kaka. Hiyo nusu nyingine ni historia, na ndugu yangu wa pili ameiruka.

Anasema makubaliano ni makubaliano. Lang na wenzake walikubaliana kuuza kazi ya saa chache kwa ajili ya santuri ya kusikilizwa nyumbani. Redio kuigeuza ile santuri kuwa mpigaji wa bure kila siku, akichukua nafasi ya bendi iliyokuwa inalipwa kuja kupiga moja kwa moja, hilo halikuwa kwenye meza. Na wanamuziki walilalamika mapema. Kiongozi wa bendi Fred Waring alishinda kesi Pennsylvania mwaka 1937 dhidi ya kituo kimoja cha Philadelphia. Hata kabla ya hapo santuri zilikuwa zinaandikwa kwamba hazina ruhusa ya kurushwa redioni. Halafu 1940 ikaja kesi ya Whiteman, bosi yule yule wa zamani wa Lang na Crosby, kwenye mahakama ya rufaa ya shirikisho New York. Jaji Learned Hand akasema santuri ikishauzwa, mwanamuziki na kampuni hawana tena kamba ya kuifunga. Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Na kumbukeni sheria ya shirikisho ya hakimiliki haikugusa rekodi za sauti mpaka Februari 15, 1972. Kwa hiyo hiyo bei mnayoiita ya haki ilipangwa wakati upande mmoja hauna kitu cha kushikilia.

Tena chama cha wanamuziki chini ya James Petrillo kiligoma kurekodi kuanzia Agosti 1, 1942. Kampuni ya Decca ilikubali kulipa Septemba 1943, Victor na Columbia wakashupaa hadi Novemba 1944. Malipo yalikuwa kiasi kidogo kwa kila santuri, yakienda kwenye mfuko wa kuwalipa wanamuziki wasio na kazi. Waimbaji hawakuwa kwenye chama hicho, wakaendelea kurekodi na wanakwaya tu, bila chombo. Mwimbaji Frank Sinatra alifanya hivyo Columbia 1943, na Crosby mwenyewe akafanya hivyo Decca. Sikilizeni rekodi zile. Zinaelea. Sauti ni nzuri lakini hakuna sakafu.

Na kama Lang anawasumbua kwa kuwa alishiba, tumtazame Lonnie Johnson, mpiga gitaa mweusi. Desemba 1927, Chicago, Louis Armstrong anarekodi *Hotter Than That*. Katikati ya wimbo bendi nzima inanyamaza. Armstrong anaimba bila maneno, na chini yake kuna gitaa la Johnson peke yake. Armstrong anaanza kuyakata mapigo kwa matatu matatu juu ya manne, muda mrefu kiasi kwamba unahisi atapotea, Johnson hatikisiki. Kisha wanaanza kuitana na kujibizana, sauti na waya. Pale msaidizi ni nani? Huyo Johnson 1928 na 1929 alirekodi na Lang gitaa mbili, ila lebo ilimwandika Lang kama Blind Willie Dunn, maana santuri ziliuzwa kwenye orodha ya wanunuzi weusi na mzungu hakutakiwa kuonekana humo. Mwaka 1959 Johnson alikutwa Philadelphia akifanya usafi hotelini.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umejipiga ngwala mwenyewe. Ile rekodi ya Crosby ya 1943 yenye wanakwaya tu, *Sunday, Monday or Always*, ilishika namba moja. Bila gitaa, bila piano, bila ngoma. Soko lilishasema kinachouzwa ni nini. Wewe unasikia hakuna sakafu, walionunua hawakuliona shimo.

Na Lonnie Johnson, heshima yote kwake, alikuwa mwimbaji pia, mwenye jina lake mbele kwenye santuri nyingi. Mwaka 1948 alishika namba moja na *Tomorrow Night* kwenye chati ya muziki wa watu weusi. Kuja kufagia hotelini miaka kumi na moja baadaye kunatuambia jinsi biashara ilivyowatupa hata wenye majina. Mgawo wa msaidizi usingemwokoa.

Mchangiaji wa nne

Habari zenu. Nipo Minneapolis, najitolea kwenye redio ya jamii, Jumapili usiku napiga muziki wa zamani. Ndugu wa pili ana hoja kwenye lile la namba moja, ila wale wanakwaya nao walikuwa wasaidizi, kwa hiyo wimbo ule bado una mtu anayedai 2.5.

Nimeingia kwa sababu kila mara jambo hili likizungumzwa, vituo vikubwa vinatuvuta sisi wadogo mbele kama ngao: mkilipisha, redio ya jamii itafungwa. Muswada wenyewe umetutenga. Kituo kidogo chenye mapato ya chini ya dola milioni 1.5 kwa mwaka kinalipa dola 500 kwa mwaka. Redio ya umma dola 100, na vile vidogo kabisa dola 10. Kwa mwaka mzima! Sisi tunatumia zaidi ya hapo kwa kahawa. Wenye sababu ya kuogopa ni makampuni yenye mamia ya vituo, na hao waseme kwa jina lao.

Ila mleta mada ujue saa inakwenda. Sheria ya 2018 ndiyo iliyoziingiza rekodi za kabla ya 1972 kwenye malipo ya redio za intaneti, na ikaweka ukomo: zilizotoka kati ya 1923 na 1946 zinalindwa miaka 100. Rekodi ya Lang na Bessie Smith ya 1929 inakuwa mali ya umma Januari 1, 2030. Za 1932 ni 2033. Kwa hiyo unayempigania kwa jina la Lang ni mpigaji aliye hai leo, na warithi wa waliopiga miaka ya hamsini na sitini. Ungesema hivyo tangu mwanzo ungepata watu wengi zaidi upande wako.

Mleta mada

Dada, kwa hao walio hai nakubaliana nawe moja kwa moja, na ndio maana mgawo unaniuma kuliko malipo yenyewe. Kulipwa tu hakutoshi. Orkesta ya watu thelathini kugawana 2.5 naelewa. Mwimbaji na gitaa moja, au gitaa na piano, kuwekwa kwenye kapu lile lile la wapiga vyombo, sielewi. Pendekezo langu: rekodi yenye wapiga vyombo wasiozidi watatu, kila mmoja aandikwe kwa jina na wagawane asilimia 15.

Na kabla ndugu wa pili hajauliza tutajuaje nani alipiga: wakusanyaji wa santuri wameshaifanya kazi hiyo kwa madaftari ya studio, tarehe kwa tarehe. Tunamjua Lang kwenye rekodi ambazo lebo haikumtaja. Kwa rekodi za leo hakuna kisingizio kabisa.

Mchangiaji wa pili

Na hiyo 15 inakatwa kwa nani?

Mchangiaji wa tatu

Hilo ndilo swali, wengine wote tunapiga hadithi. Mleta mada, toa kwenye nusu ya kampuni na mimi natia saini sasa hivi, hata na ndugu wa pili nambembeleza. Ukigusa ile 45 ya mwimbaji, mimi simo. Yeye ndiye anayenipigia simu Ijumaa. Akiona nakula kwenye sahani yake, wiki inayofuata anakuja ukumbini na flashi, anaimba juu ya muziki uliorekodiwa, na mimi nabaki nyumbani na asilimia zangu.