Mbwa mzee na kijibwa mgeni: kizuizi kwanza, wakutane nje, au niwaache tu?

Bobi_wangu:
Wakuu naombeni mawazo. Nna dume la miaka 10, mpole sana na watu, ila tangu awe mkubwa hajawahi kuishi na mbwa mwingine, sasa karibuni naletewa kijibwa wa wiki 8. Nimeshaambiwa njia tatu na kila mtu anaapa yake ndo yenyewe. Moja, niweke kizuizi ndani waonane na kunusana tu kwa siku kadhaa. Mbili, wakutane nje wakiwa na kamba, tutembee nao pamoja ndo waingie ndani. Tatu, niwaachie wamalizane wenyewe. Nyie mngechukua ipi?

Mkia_juu:
Ya pili mkuu, sijiulizi mara mbili. Ndani ni kwake, ukimpitishia mgeni mlangoni anaona kavamiwa. Nje sehemu ambayo sio yake hana cha kulinda, alafu mkitembea wote kuelekea upande mmoja hawakodoleani macho. Kila mbwa na mtu wake, mnaanza mbalimbali mnasogeleana taratibu, wanusane kidogo, mnawaita, safari inaendelea. Kamba ilegee lakini, maana ukiikaza mbwa anajua hawezi kukwepa na asiyeweza kukwepa anang'ata.

Nyuma_ya_geti:
Hapo kwenye nje mnapita haraka sana. Wiki 8 hajamaliza chanjo, huwa zinaendelea mpaka kwenye wiki 16 hivi, na virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua vijibwa, vinakaa kwenye udongo miezi na miezi. Usimshushe chini sehemu wanapopita mbwa usiowajua, labda umbebe, au mtumie uwanja wa mtu ambaye mbwa wake wamechanjwa.

Mi ni mtu wa kizuizi. Watu wanadhani unamfunga kijibwa kumbe unampa mzee nafasi ya kuondoka akichoka, na kadogo kenyewe katalala masaa 18 mpaka 20 kwa siku kwahiyo wala hakateseki. Badilishaneni vitambaa vya kulalia wazoeane harufu, kila mtu ale upande wake, bakuli zianze mbali uzisogeze kidogokidogo. Utajua muda wa kufungua umefika pale mzee anapopita bila kugeuka, au analala kabisa kakipa mgongo.

Babu_Kali:
Nyie mnawalea hawa kama maharusi. Mbwa ni mbwa bwana, mzee atakakaripia mara moja kadogo katashika adabu. Wangu wote niliwaachia na hakuna aliyekufa.

Dada_wa_Simba:
Shikamoo Babu. Nusu ya unachosema nakubali, mbwa mkubwa anamfundisha kijibwa vitu ambavyo sisi hatuwezi, hasa kung'ata kwa kiasi. Shida ni hiyo "wamalizane", maana kakilo kamoja na mbwa mzima hawamalizani, anamalizwa mmoja.

Mwenye mada, mzee akinguruma USIMGOMBEZE. Hayo ni maongezi, anasema sitaki. Ukimzoesha kunyamaza siku nyingine ataruka hatua ya onyo aende kwenye meno moja kwa moja, alafu mtasema kang'ata ghafla. Na kabla hajanguruma ameshasema mengi tu, anapiga miayo wakati hana usingizi, anajiramba midomo, anageuza kichwa pembeni, weupe wa macho unaonekana, mwili unakakamaa. Ukiona hivyo we ndo unaingilia, unakabeba kadogo unakapeleka kulala, sio unasubiri uone itakuwaje. Vijibwa wengine hawasomi alama kabisa, wanaambiwa hapana wanarudi kuruka masikioni, na mara nyingi ni uchovu tu.

Babu_Kali:
Marahaba mwanangu. Kugombeza mzee hata mi sijasema, mi nimesema muwaache.

Mtaratibu:
Jamani mbona hakuna aliyeuliza afya ya huyo mzee? Kwangu hilo ndo linaamua, sio njia yenyewe. Mbwa wa miaka 10 akiwa na maumivu ya viungo, kurukiwa mgongoni kunauma kwelikweli, atakuwa mkali kwa sababu anaumia sio wivu. Akiwa hasikii au haoni vizuri atashtuka kila kadogo kakitokea nyuma.

Kwahiyo mi ningelinganisha hivi. Kama bado anakimbia na anapenda mbwa wengine, ya Mkia_juu inatosha na mtaokoa muda. Kama anaumwa au anashtuka ovyo, kizuizi, matembezi marefu ni kumuonea. Ya kuwaachia siipi nafasi kwa mzee wa aina yoyote, labda wiki za mbele mkiwa mmekaa hapohapo mnaangalia.

Bobi_wangu:
Duh, asubuhi anainuka kwa kujikongoja kweli na ngazi siku hizi anazikwepa, nlijua uzee tu. Basi dokta wa mifugo kwanza, alafu kizuizi. Usiku walale wapi? Na toi zake nizifiche?

Dada_wa_Simba:
Toi na mifupa toa vyote kwa sasa, hata akiwa na kimoja tu anachokipenda kinatosha kuleta ugomvi, utavirudisha wakiwa vyumba tofauti. Mzee alale palepale alipozoea usimhamishe hata kidogo, kadogo kakae kwenye kizimba karibu na wewe, maana kataamka kukojoa usiku. Na mzee abaki na muda wake na wewe peke yenu kila siku. Usipokuwepo nyumbani watenganishe, hata kama wanaonekana wamepatana.

Mkia_juu:
Sawa kwa huyo mzee nakubali kizuizi. Ila siku ya kwanza waonane nje hata dakika mbili, kadogo kakiwa kamebebwa.

Nyuma_ya_geti:
Hiyo haina ubaya, ili mradi aliyekabeba asikasogeze usoni kwa mzee kwa lazima, mzee asogee mwenyewe akitaka. Na kizuizi usikiuze mapema, meno ya utoto yanang'oka kuanzia miezi 4 mpaka 6 hivi na hapo katatafuna kila kitu, na mzee aliyekuwa anakavumilia kakiwa kachanga kipindi hicho uvumilivu unapungua sana.