Mjadala: Bei ya gari la umeme ikishuka, nani anaumia?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Kijiweni kwetu wanasema magari ya umeme ya China yanashuka bei kwa sababu ya teknolojia tu. Nakataa. Sehemu ya punguzo hilo inatoka mfukoni mwa mzabuni wa vipuri.

Novemba 2024 ilivuja barua ya BYD, kampuni kubwa ya magari ya umeme ya China, ikitaka wazabuni washushe bei kwa asilimia 10 kuanzia Januari 2025. Kampuni ikasema ni mazungumzo ya kila mwaka, si amri. Lakini wewe mwenye kiwanda kidogo cha nyaya, mteja wako mkubwa ni mmoja na mashine umezifunga kwa vipimo vyake, utakataa vipi?

Uchungu huu naujua. Nina karakana ya kuchomelea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Mteja mmoja nilimtengenezea fremu 40 za viti vya basi, mabomba nikachukua kwa mkopo, nikaja kulipwa mwezi wa tano tangu nimkabidhi mzigo. Aliyenikopesha mabomba alikuwa anapita kila asubuhi, anasimama mlangoni, haongei. Vijana wangu wawili waliondoka.

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana mkuu, ila kwenye betri meza imepinduka. Mwaka 2022 mwenyekiti wa GAC, kampuni ya magari ya China, Zeng Qinghong, alilalamika hadharani kwamba betri inakula asilimia 40 hadi 60 ya gharama ya gari, akauliza: si ina maana mimi nimekuwa kibarua wa CATL? Na CATL, kampuni ya China inayotengeneza betri, ni mzabuni! Huyo humtishi kwa barua, maana ukimkosa gari lako halitoki kiwandani.

Mchangiaji wa Kolwezi: Ndugu zangu, shukeni hadi huku mgodini. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, madini yanayotumika kwenye betri. Mwaka 2021 CATL ilinunua hisa za mgodi wa Kisanfu kwa dola milioni 137.5. Februari 2025 serikali yetu ikasimamisha kuuza kobalti nje, Oktoba ikaleta mgao, yaani kikomo cha kuuza nje, tani 96,600 kwa mwaka 2026. Bei ilipanda, ni kweli. Lakini betri za fosfati ya chuma, ambazo BYD inazitegemea, hazina kobalti hata gramu. Tukibana sana, watatukimbia. Hilo linaninyima usingizi.

Mleta mada: Nakubali, mwenye kitu kisichopatikana kwingine anasikilizwa. Mimi nawasemea wa nyaya, plastiki na skrubu, ambao wapo maelfu. Hao sheria ndiyo itawaokoa. Tangu 1 Juni 2025 kanuni ya China inazitaka kampuni kubwa ziwalipe wadogo ndani ya siku 60, na mwezi uleule BYD na wenzake wakaahidi kufuata. Ninachouliza: hizo siku 60 zinahesabiwa tangu mzigo uingie ghalani, au tangu mnunuzi akubali ankara? Ankara yangu ilikaa wiki tatu mezani kwa mtu, haijagongwa muhuri, na fremu zangu zilikuwa zimeshafungwa kwenye basi linalobeba abiria.