Naomba ushauri: magurudumu yanayoviringika hayafiki chini kwa muda uleule

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Ninatumia Algodoo, programu ya kuiga fizikia kwenye kompyuta, kuiga mkunjo wa sikloidi (njia inayochorwa na nukta iliyo ukingoni mwa duara linaloviringika, hapa ikiwa imepinduliwa), ule ambao mwanasayansi Christiaan Huygens alithibitisha mwaka 1659 kuwa kitu kinachoteleza juu yake bila msuguano hufika chini kwa muda uleule, popote kilipoachiwa. Mimi ninataka gurudumu linaloviringika. Kwa sikloidi ya duara lenye nusukipenyo cha mita 0.5, nimekokotoa sekunde 0.71 kwa kuteleza na 0.87 kwa kuviringika, kwa kuwa gurudumu lililojaa hubeba pia nishati ya mzunguko. Magurudumu yanayoachiwa sehemu za chini hukubaliana na hesabu hiyo. Yanayoachiwa karibu na kilele, ambako reli inakaribia kuwa wima, hutangulia. Nimeongeza msuguano, nikapunguza hatua ya muda (muda kati ya hesabu moja ya programu na inayofuata), hata nikaondoa ukinzani wa hewa (ambao, nakiri, niliusahau siku mbili nzima), bila mafanikio.

Je, huko juu yanateleza kabla ya kushika reli? Na je, sikloidi inapaswa kuwa njia ya kitovu cha gurudumu, hivyo nichore reli iliyosogezwa kwa nusukipenyo cha gurudumu lenyewe?

Natanguliza shukrani.